Mita 25 kutoka ukingo upi?

*Huko Mutanga Sud, mtaa wa Bujumbura, mto unaikaribia nyumba ya mtu, na sheria inamtaka mwenye nyumba akae mbali na mto. Swali linalozuka hapo lilistahili kuulizwa mapema zaidi, katika ofisi ambayo raia wengi hawaijui: ofisi iandikayo sheria.*

Mtu aliyezoea kutembea Mutanga Sud, akaiacha barabara kubwa na kuzifuata njia ziteremkazo upande wa mto Ntahangwa, hufika mahali ambapo njia hukoma ghafula, si kwa kuwa waliopima viwanja walitaka ikome hapo, bali kwa kuwa ardhi iliyokuwa ikiibeba imekwisha chukuliwa na maji. Mbele yake ni korongo. Ng'ambo ya korongo ni Mutanga Nord. Na baina ya ukuta wa nyumba ya mwisho na ukingo wa korongo hilo pana nafasi ambayo kila masika huja kuipunguza.

Ntahangwa si mto mkubwa. Hutoka katika milima iliyo mashariki ya Bujumbura, hupita baina ya mitaa, na huishia katika Ziwa Tanganyika. Wakati wa kiangazi mtoto aweza kuuvuka kwa kurukaruka juu ya mawe. Lakini mvua zikinyesha kwa nguvu huko juu milimani, maji hushuka yamebeba udongo, mawe na magogo, yakachimba kuta za korongo kwa chini, na siku moja au mbili baada ya mvua kukoma kipande cha ardhi huporomoka, na pamoja nacho choo, au jiko, au chumba cha watoto.

Sheria imelinena jambo hili. Kanuni ya Maji ya Burundi, ya tarehe 26 Machi 2012, imeweka ukanda wa hifadhi: mita 150 kutoka Ziwa Tanganyika, na mita 25 kwa mito imwagayo maji yake katika ziwa hilo, na Ntahangwa ni mmoja wao. Namba hizi ni nyepesi kusomeka. Walakini mwenye nyumba aliyejenga miaka mingi kabla ya 2012, kwa kibali na kwa ramani iliyogongwa muhuri, ana haki ya kuuliza: mita 25 kutoka ukingo upi? Ule wa siku alipoweka msingi, ule wa siku sheria ilipotangazwa, au huu wa leo asubuhi, ambao sio ule wa jana? Nyumba haikuusogelea mto. Mto ndio ulioisogelea nyumba. Je, nyumba hiyo imevunja sheria?

Swali hili halina budi kujibiwa na mtu. Laweza kujibiwa na musitanteri, yaani mkuu wa komine, aliyesimama mbele ya tingatinga. Laweza kujibiwa na hakimu baada ya kesi kukokotwa miaka. Au laweza kujibiwa mapema, kwa wino, na mtu aliyekaa mezani kabla sheria haijazaliwa. Makala haya yanamhusu huyu wa tatu.

Safari ya muswada

Katika Burundi, taklifu ya kuandaa na kuchunguza maandiko ya sheria imewekwa katika Wizara ya Sheria, kwenye idara iitwayo kwa Kifaransa Service National de Législation. Idara hiyo haitungi siasa, wala haipigi kura. Wizara yenye haja ya sheria mpya, iwe ya ardhi, ya afya au ya ushuru, huleta rasimu yake. Rasimu hupimwa, hunyooshwa, hulinganishwa na sheria zilizopo, ndipo iende kwenye Baraza la Mawaziri.

Likitoka huko, andiko hupelekwa Kigobe, kwenye Bunge ambalo Warundi huliita Inama Nshingamateka, kisha kwenye Seneti, Inama Nkenguzamateka. Na mabaraza yote mawili yakiisha kuafikiana, Rais huitangaza sheria, nayo huchapishwa katika Bulletin Officiel du Burundi, gazeti rasmi la dola. Sheria zile ziitwazo za kimsingi, ambazo huikamilisha Katiba yenyewe, hazina ruhusa ya kutangazwa kabla Mahakama ya Katiba haijazipima na kuthibitisha kwamba hazipingani na Katiba hiyo.

Asomaye taarifa za Baraza la Mawaziri hukuta mara kwa mara habari ya rasimu iliyorudishwa kwa wizara yake ili itengenezwe vizuri zaidi. Wako wanaoliona jambo hilo kuwa ni uzembe na upotezaji wa wakati. Mimi naliona kuwa ni dalili ya siha. Rasimu iliyorudishwa mara tatu imegharimu karatasi. Sheria mbovu iliyopita mara moja hugharimu nyumba, mashamba, na wakati mwingine damu.

Maana kazi ya mwandishi wa sheria, ukiitazama kwa undani, si kupamba maneno ya waziri. Waziri husema alitakalo, na ni haki yake, kwa kuwa yeye ndiye mwenye dhamana mbele ya watu. Mwandishi hana haki ya kutaka, lakini ana haki ya kuuliza, tena ana faradhi ya kuuliza mpaka achukize. Nani atalitekeleza jambo hili, na kwa fedha ipi? Ni sheria ngapi zilizopo zitakazoguswa, na zipi kati yake zitakufa? Mkosaji ataadhibiwa na nani, na adhabu hiyo inalingana na kosa? Aliyeanza jambo lake kihalali kabla ya sheria atatendewaje? Na neno dogo kama ukingo, au jengo, au familia, lina mipaka gani ndani ya sheria hii?

> Waziri ana haki ya kutaka. Mwandishi wa sheria ana faradhi ya kuuliza mpaka achukize.

Chukua mfano ulio karibu. Mwezi wa Machi 2023 ilitangazwa sheria ya kimsingi iliyopunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na komine kutoka 119 hadi 42. Aliyeisikia habari hiyo redioni alifikiri ni suala la ramani. Lakini mwandishi wa sheria aliisikia kwa sikio lingine, kwa sababu kila andiko lililoutaja mkoa au komine, kuanzia mamlaka ya mahakama hadi orodha za wapiga kura, kuanzia vyeti vya ardhi hadi mgawanyo wa kodi, lilipaswa kusomwa upya, na kila mahali ambapo jina la zamani lilibaki pakawa mlango wa mabishano. Kazi kama hiyo haina mshangilio. Ikifanywa vema hakuna ajuaye kwamba ilifanywa.

Wino ulioletwa kutoka mbali

Kabla ya karatasi, Warundi walikuwa na Bashingantahe, wazee waliochaguliwa kwa uadilifu wao, ambao walikaa baina ya wagomvi na kutoa hukumu iliyotokana na desturi. Sheria ile ilikuwa hai katika kumbukumbu za watu, nayo ilitamkwa katika lugha ya mdaiwa na mdai. Halafu ikaja dola ya karatasi, na karatasi zake za kwanza hazikuandikwa kwa ajili ya nchi hii.

Msomaji apangaye nyumba Mutanga Sud, au anunuaye gari kwa jirani yake, labda hajui kwamba kanuni za mikataba zilizotawala mambo ya namna hiyo katika Burundi kwa vizazi, hata baada ya Uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, zilitoka katika amri ya tarehe 30 Julai 1888, iliyotungwa kwa ajili ya Dola Huru ya Kongo, mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Mwaka ule Wajerumani walikuwa bado hawajaweka utawala wao katika Burundi, na Wabelgiji, ambao walikuja kuurithi utawala huo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuwa bado hawajakanyaga hapa. Sheria ilimtangulia mtawala wake, na mtawala alipoondoka, sheria ilibaki.

Ndugu zetu wa pwani wana habari inayofanana na hiyo. Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, ambayo chimbuko lake ni rasimu ya Thomas Macaulay na wenzake ya miaka ya 1830, ilivushwa bahari ikatumika Mombasa na Unguja juu ya watu ambao Macaulay hakupata kuwafikiria. Si lazima sheria ya kuazima iwe mbaya. Amri ile ya 1888 juu ya mikataba ilitokana na fikra za wanasheria mahiri wa Ulaya, na mahakimu wetu wameitumia kwa insafu katika kesi nyingi. Ubaya wa sheria ya kuazima ni mwingine: inalizoesha taifa kudhani kwamba sheria ni kitu kinachofika, si kitu kinachotengenezwa, na serikali yenye mazoea hayo haioni sababu ya kulipia ofisi ya kukitengeneza.

Rwanda iliamua kukata kamba hiyo kwa tendo moja: mwezi wa Agosti 2019 ilitunga sheria ya kufuta maandiko yote ya kisheria yaliyotangulia Uhuru wake. Uamuzi huo ulisifiwa kwa ujasiri, lakini ujasiri wenyewe ulitegemea kazi iliyotangulia ya kuandika sheria mpya mahali pa zile za kale, kwa sababu afutaye kabla ya kuandika huacha shimo. Kwetu Burundi, baada ya kitabu mashuhuri cha Bellon na Delfosse cha mwaka 1970, kilichokusanya kanuni na sheria za nchi, ilipita zaidi ya miaka thelathini kabla Wizara ya Sheria haijatoa mkusanyiko mpya kamili mwaka 2006. Katika muda huo wakili wa mkoani alitegemea nakala za nakala, na mwananchi wa kawaida alitegemea wakili.

Ibara mbili na taifa moja

Ikiwa yuko adhaniye kwamba uandishi wa sheria ni kazi ya makarani, na akumbuke Ibara ya 96 na Ibara ya 302 za Katiba ya Burundi ya tarehe 18 Machi 2005. Ile ya kwanza ilisema kwamba Rais huchaguliwa na wananchi wote kwa kura ya moja kwa moja, kwa muhula wa miaka mitano unaoweza kurudiwa mara moja. Ile ya pili, iliyowekwa miongoni mwa masharti ya kipekee ya mwanzo, ilisema kwamba Rais wa kwanza baada ya kipindi cha mpito atachaguliwa na Bunge na Seneti kwa pamoja. Pierre Nkurunziza alichaguliwa mwaka 2005 kwa njia ya ibara ya pili, na mwaka 2010 kwa njia ya ibara ya kwanza. Ilipofika 2015, alipotaka kugombea tena, swali likasimama mbele ya taifa: je, muhula uliopatikana kwa mabaraza unahesabiwa katika mihula miwili, au hauhesabiwi?

Makubaliano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yalikuwa yamesema kwamba hakuna Rais atakayetawala zaidi ya mihula miwili. Waliopinga muhula mwingine walisimama juu ya roho ya Arusha. Waliouunga mkono walisimama juu ya herufi za Ibara ya 96. Mahakama ya Katiba iliamua tarehe 4 Mei 2015 kwamba muhula huo hauvunji Katiba. Miaka sita baadaye, tarehe 25 Novemba 2021, ngazi ya rufani ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua kwamba uamuzi ule ulikiuka Mkataba wa Jumuiya. Kati ya tarehe hizo mbili kuna waliokufa, na kuna laki kadhaa za watu waliovuka mipaka kwenda Tanzania, Rwanda, Kongo na Uganda, ambao wengine wao hawajarudi mpaka leo.

Sisemi kwamba wino peke yake ulileta msiba ule. Nia za wanadamu zilikuwa kubwa kuliko wino. Nasema kwamba sentensi moja zaidi katika Ibara ya 302, isemayo kama muhula ule wa kwanza unahesabiwa ama hauhesabiwi, ingaliwanyima wagomvi wa pande zote mbili mahali pa kusimama. Sentensi hiyo haikuandikwa. Labda walioketi mezani hawakuliona swali. Labda waliliona wakaona ni salama zaidi kuliacha. Kwa vyovyote vile, swali lililoachwa mezani lilikwenda barabarani.

> Sentensi ambayo haikuandikwa mwaka 2005 ilitafutwa mitaani mwaka 2015.

Mstari wa mwisho wa kila sheria

Kuna jambo dogo ambalo nalitilia mkazo kwa sababu halihitaji fedha za wafadhili wala mkutano wa kimataifa kulirekebisha. Asomaye sheria za Burundi atakuta mwishoni mwake, mara nyingi mno, ibara mbili zilizokaririwa kwa maneno yale yale. Moja husema kwamba masharti yote ya zamani yanayopingana na sheria hii yamefutwa. Nyingine husema kwamba sheria hii inaanza kutumika siku ile ile ya kutangazwa.

Maneno hayo yana sura ya ukamilifu, lakini kwa hakika ni kazi iliyoachwa nusu. Masharti yapi yanapingana? Kulijibu hilo kwahitaji mtu akae na sheria zote, azilinganishe mstari kwa mstari. Na ikiwa ofisi yenye wanasheria, maktaba na mishahara haikufanya hivyo, je, atafanya nani? Mzigo umetuliwa juu ya hakimu wa komine mwenye majalada mia mezani, na nyuma yake juu ya mjane wa mlimani ambaye hana hata uwezo wa kununua nakala. Ilhali ibara inayotaja kwa namba na tarehe kila sheria inayokufa, na kila kifungu kinachobaki hai, haizidi ukurasa mmoja.

Na siku ya kuanza kutumika nayo si jambo la kupuuza. Sheria inayoanza saa ile ile inapotiwa saini humkuta raia akiwa hajaisikia, sembuse kuisoma, nayo humhukumu kana kwamba ameijua. Zipo sheria za dharura zisizoweza kungoja, hilo ninalikubali. Lakini sheria ya maji, ya ardhi, ya ujenzi au ya biashara, ambayo ilitayarishwa kwa miaka, yaweza kungoja miezi mitatu ili watu waisome na kujiweka sawa.

Nani aishike kalamu?

Hapa ndipo wenye kujua wanapotofautiana, na hoja za pande zote zina uzito.

Wako wasemao kwamba wizara yenyewe ndiyo iandike, kwa sababu ndiyo ijuayo mambo yake. Ni nani ajuaye maji kuliko wahandisi wa maji, au magonjwa kuliko waganga? Mwandishi wa sheria aliyekaa katika ofisi ya mbali, wasema hao, ataandika sentensi zilizonyooka juu ya jambo asilolielewa. Fauka ya hayo, nchi masikini hupata msaada wa kitaalamu kutoka kwa mashirika ya nje, na mtaalamu aliyelipwa na wafadhili huleta rasimu iliyo tayari kwa muda mfupi kuliko idara ya serikali.

Wengine hujibu kwamba hilo ndilo chimbuko la maradhi. Kila wizara ikiwa na kalamu yake, neno moja litakuwa na maana tano katika sheria tano. Na rasimu ya mtaalamu mgeni, hata iwe bora, aghalabu huchukua sura ya sheria ya kwao au ya nchi aliyotoka kuifanyia kazi mwaka jana. Hoja hii si mpya. Mwaka 1869 serikali ya Uingereza, ikichoshwa na gharama na mchafuko wa kila idara kumwajiri wakili wake wa kuandika miswada, iliunda ofisi moja ya waandishi wa sheria na kumweka Henry Thring kuwa mkuu wake. Na makoloni ya zamani ya Uingereza yaliurithi mtindo huo, hata Tanzania leo ina Mwandishi Mkuu wa Sheria katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wafaransa na Wabelgiji walishika njia nyingine: wizara zao huandika, lakini miswada ya serikali hupitia kwanza Conseil d'État, baraza la wanasheria wakubwa, ili litoe rai.

Burundi imesimama baina ya njia hizi mbili. Ina idara ya waandishi, lakini wizara nazo huandika. Ina Mahakama ya Katiba, ambayo imepata kuonyesha meno yake, kama Januari 2014 ilipobatilisha vifungu kadhaa vya sheria ya magazeti ya tarehe 4 Juni 2013, lakini kwa sheria zisizo za kimsingi mahakama hiyo huja mwisho, baada ya madhara kuanza. Rai yangu ni kwamba mhandisi na aandike alijualo, kwa lugha yake ya kihandisi, bila kujidai mwanasheria. Kisha idara ya sheria iwe na haki, iliyoandikwa wazi, ya kuizuia rasimu isifike mbele ya mawaziri mpaka maswali yake yamejibiwa kwa maandishi, na majibu hayo yaambatanishwe na muswada ili wabunge wa Kigobe nao wayaone. Nguvu hiyo ni ya kuchelewesha tu, si ya kukataa. Walakini yamtosha mwandishi aliye hodari.

Watakaosema kwamba idara hiyo itakuwa kizuizi cha maendeleo, na wahesabu ni sheria ngapi zilizorekebishwa miaka michache baada ya kutungwa. Sheria ya magazeti niliyoitaja ilifuatwa na nyingine mwaka 2015, na nyingine tena mwaka 2018.

Andiko la kwanza liwe la Kirundi

Ibara ya 5 ya Katiba ya 2005 iliagiza kwamba maandiko yote ya sheria yawe na nakala yake ya asili katika Kirundi. Agizo hilo ni la hekima kubwa, kwa nchi ambayo karibu watu wake wote wanasema lugha moja, neema ambayo majirani wengi wa Burundi hawakuruzukiwa. Lakini mazoea yamekuwa kinyume: rasimu hufikiriwa na kuandikwa kwa Kifaransa, na Kirundi, kikija, huja nyuma kama kivuli.

Wanasheria waliosomea Kampasi ya Mutanga, waliofundishwa sheria kwa Kifaransa kuanzia siku ya kwanza, hutoa udhuru ambao hauwezi kudharauliwa. Istilahi za kisheria, wasema, hazijatulia katika Kirundi, na neno lisilotulia ni hatari ndani ya hukumu. Nami nasema kwamba istilahi hutulia kwa kutumiwa. Tanzania ilikuwa na udhuru huo huo kwa miaka sitini, miswada yake ikijadiliwa bungeni kwa Kiswahili na sheria zake zikiandikwa kwa Kiingereza, mpaka mwaka 2021 ilipobadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi haijakwisha huko, na haitakwisha kesho; walakini imeanza, na wanaoifanya ni waandishi wa sheria wenyewe.

Tena kuna faida ambayo hutajwa mara chache. Mwandishi anayelazimika kusema jambo kwa lugha ya mama yake hugundua upesi kama jambo lenyewe halieleweki. Kifaransa cha kisheria kina vichaka vingi vya kujificha. Ukimweleza shangazi yako wa Ngozi au wa Makamba ibara hiyo hiyo kwa Kirundi, kichaka huondoka, na fikra iliyokuwa pungufu huonekana pungufu.

Jalada la mirathi

Nimelibakiza mwisho jalada ambalo kwa miaka mingi limekuwa mtihani mkubwa kuliko yote kwa wanaoandika sheria za Burundi. Kanuni ya Watu na Familia ya tarehe 28 Aprili 1993 ilipanga habari za ndoa, talaka na watoto, lakini mirathi iliachwa mikononi mwa desturi. Kwa desturi, itongo la baba, yaani ardhi ya familia, huenda kwa wana wa kiume; binti aweza kupewa igiseke, kipande cha kulima na kujilisha, ambacho si milki yake na ambacho mwisho wake hurudi kwa ndugu zake. Katiba kwa upande wake inasema kwamba raia wote ni sawa mbele ya sheria, na kwamba hapana abaguliwaye kwa jinsia yake.

Rasimu ya sheria ya mirathi, ya mali za wanandoa na ya hiba ilitayarishwa mwanzoni mwa karne hii. Vyama vya wanawake viliipigania. Wenye serikali walisema zaidi ya mara moja kwamba jambo hili ni zito, kwamba ardhi imekwisha kuwa finyu, na kwamba watu waulizwe kwanza. Miaka ikapita. Jirani yetu Rwanda, yenye milima kama yetu na ufinyu wa ardhi kama wetu, ilikwisha kumpa binti haki ya kurithi kwa sheria ya tarehe 12 Novemba 1999, ikaiandika upya mwaka 2016.

Wanaopinga wana hofu ambayo si ya uongo. Sensa ya 2008 iliwahesabu Warundi 8,053,574, na tangu hapo idadi imeongezeka sana, ilhali familia nyingi hulima chini ya hekta moja. Ukiligawa itongo hilo kwa watoto wote saba badala ya wanne, wasema, utabaki na vipande visivyoweza kumlisha yeyote. Wanaounga mkono hujibu kwamba ufinyu wa ardhi haujapata kuwa hoja ya kumnyima mwana wa kiume wa tano, basi kwa nini uwe hoja ya kumnyima binti wa kwanza?

> Ufinyu wa ardhi haujapata kuwa hoja ya kumnyima mwana wa kiume wa tano.

Mimi nimeegemea upande wa binti, na silifichi hilo. Lakini najua pia kwamba haki yake itasimama au itaanguka kwa namna itakavyoandikwa. Je, sehemu yake ni ya ardhi yenyewe, au yaweza kulipwa kwa thamani ili itongo lisikatwe? Mke ambaye ndoa yake haikuandikishwa kwa msimamizi wa serikali, kama zilivyo ndoa nyingi, atahesabiwa nani? Igiseke iliyokwisha kutolewa itaingizwa katika hesabu, au itaachwa nje? Na binti ambaye baba yake alifariki kabla ya sheria, ambaye kaka zake wamekwisha kugawana itongo, wakalijenga, wengine wakaliuza, atakuwa na dai au hatakuwa nalo? Sheria ikiwa kimya juu ya hili la mwisho, kila mlima wa Burundi utapata kesi katika mwaka wa kwanza, na kesi hizo zitakuwa baina ya ndugu wa tumbo moja. Jibu lake lahitaji ibara moja ya mpito, ambayo huenda isizidi mistari minne, na hiyo ndiyo ambayo ningetamani ile idara ya Wizara ya Sheria iiandike kwa Kirundi kabla ya ibara nyingine yoyote, kisha iipeleke milimani ikasomwe na kubishaniwa na wanaume na wanawake kabla haijafika Kigobe.